Kwani Walimwuliza Nani?

Ukisimama pale Sirari, wilayani Tarime, ukirusha jiwe huenda likaangukia Isebania, nchi ya Kenya. Huku Wakurya, kule Wakurya. Wanyabasi wako pande zote mbili, Wairege vilevile. Aliyetugawa hakuwahi hata kuonja ugali wetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko kwao Ulaya, wakapiga mstari kwenye karatasi kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria. Sisi hatukupigiwa hata mbiu.

Bibi yangu alizaliwa upande wa Kehancha, akaolewa huku kwa ng'ombe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mkataba wa 1967, ilipovunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983. Katika miaka hiyo kaka yake alifariki. Bibi akavuka usiku kwa njia za panya akamzike. Mpaka leo akisikia redioni neno "mkataba" huuliza, "Kwani walimwuliza nani?"

Swali hilo si la kizee. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia sahihi Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964. Tarehe 25 Bunge la Tanganyika likaridhia, na tarehe 26 nchi ikawa moja. Siku nne tu! Wananchi hawakupiga kura. Mkataba mpya wa Jumuiya nao ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, kisha ukaenda bungeni, kwa kuwa Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba.

Wenzetu wa Ulaya wamejaribu njia nyingine. Wananchi wa Denmark waliukataa Mkataba wa Maastricht mwaka 1992. Wakalegezewa masharti, wakaukubali 1993. Waingereza nao mwaka 2016 waliamua kujitoa Umoja wa Ulaya, kwa asilimia 52 hivi.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu huko Mugumu, Serengeti, hataki kusikia habari hizo. "Mjomba," aliniambia, "mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali iliuliza watu, na karibu asilimia 80 wakataka chama kimoja kiendelee. Ingekuwa kura, hivi vyama vingi vya 1992 tungevipata wapi? Na kama mwaka 77 ingepigwa kura ya kufunga mpaka, mtu wa Lindi angejua nini habari za bibi yako? Mngezidiwa kwa wingi tu."

Hapo alinikaba koo, sikatai. Nimelala na maneno yake siku nyingi.

Sasa naona hivi. Mkataba wa ushuru wa mahindi waachiwe wabunge. Hiyo ndiyo kazi tuliyowatuma. Lakini mkataba wa kuzaa dola mpya, wa kubadili sisi ni wananchi wa nchi gani, huo uletwe kwetu tuupigie kura. Mwaka 2006 na 2007 Kamati ya Profesa Wangwe ilizunguka nchini ikiuliza kama Shirikisho la Afrika Mashariki liharakishwe. Walio wengi walijibu kwamba haraka hiyo hawaitaki. Vizuri, tuliulizwa. Lakini kukusanya maoni si kura: mwenye kuyakusanya aweza pia kuyatia kapuni.

Kura haituhakikishii ushindi sisi wachache wa mpakani. Mjomba yuko sahihi kwa hilo. Ila kabla ya kura lazima mkataba usomwe kwa Kiswahili, ubishaniwe sokoni na vilabuni, miezi na miezi, kila mtu ajue linalokuja.

Juzi nilimwuliza bibi, "Je, wangekuuliza, ukapiga kura, na mpaka ukafungwa vilevile?"

Akanyamaza kidogo. "Ningekuwa nimeshindwa, basi. Lakini kaka yangu ningekwenda kumwaga mapema."