Merikebu ya Pili



Tunaposoma historia ya Wagiriki wa kale, twakutana na majina ya majemadari na wafalme wengi. Leo tuwatafakari watu ambao majina yao hayakuandikwa popote: wapiga makasia wa merikebu moja ya Athene.

Mwaka 431 K.K. vita vilizuka kati ya Athene na Sparta. Mwaka uliofuata tauni iliingia Athene, mji uliokuwa umejaa wakimbizi kutoka mashambani, ikaua watu wengi mno. Pericles, kiongozi wao mkuu, alifariki mwaka 429. Katika majonzi hayo zikaja habari kwamba Mitilene, mji wa kisiwa cha Lesbos, umeasi na kuomba msaada wa Sparta. (Ndio mji ule ambao Mtakatifu Paulo aliupitia safarini, karne nyingi baadaye: Mdo 20:14.) Waathene waliuzingira. Chakula kilipopungua, watu wa kawaida walipewa silaha ili wapigane. Lakini hao, badala ya kutii, walidai chakula kilichofichwa kitolewe na kugawiwa wote. Wakubwa wakaogopa, na mwaka 427 mji ukajisalimisha kwa jemadari Paches.

Raia wa Athene walikutana kuamua la kufanya. Kwa ghadhabu wakakata shauri: wanaume wote wa Mitilene wauawe, wanawake na watoto wafanywe watumwa. Hawakumtenga mwenye kosa na asiye nalo. Siku ile ile merikebu ikaondoka na amri hiyo.

Kulipokucha, wengi walianza kujuta. Mkutano ukaitishwa upya. Cleon, aliyesikilizwa sana na umati, alisema kwamba huruma haiwafai watu wanaotawala wengine. Diodotus akamjibu kwamba haraka na hasira ni adui wawili wa shauri jema. Hakuwaomba huruma, aliwaonyesha faida yao wenyewe: mkimwua hata yule aliyejisalimisha, ni mji gani utakaojisalimisha tena? Mikono ilipoinuliwa, pande mbili zilikaribia kulingana. Diodotus akashinda kwa wachache.

Ila merikebu ya kwanza ilikuwa imetangulia yapata mchana na usiku mmoja, na safari ilizidi kilomita 300. Wajumbe wa Mitilene waliokuwapo Athene waliwapa mabaharia wa merikebu ya pili divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa wakiwahi. Mwanahistoria Thucydides, Mwathene aliyeishi siku zile, anasimulia kwamba walikula huku wakivuta makasia, wakalala kwa zamu. Upepo haukuwapinga. Nao wale wa merikebu ya kwanza hawakufanya haraka, kwa kuwa kazi waliyotumwa iliwachukiza. Paches alikuwa amekwisha soma amri ya kwanza, yu tayari kuitekeleza, merikebu ya pili ilipotia nanga.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Kuta za Mitilene zilibomolewa, ardhi ikagawiwa Waathene, na wale waliohesabiwa kuwa vichwa vya uasi waliuawa. Thucydides anataja zaidi ya 1,000. Hata hivyo mji haukufutika.

Tena, toba ya siku moja haikudumu. Mwaka 416 Waathene walikishambulia kisiwa cha Melos, kilichotaka kutokuwa upande wowote. Kiliposhindwa, waliwaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto. Safari hiyo merikebu ya pili haikutumwa. Mwaka 405 Sparta iliteka karibu merikebu zote za Athene huko Aegospotami. Xenophon anaandika kwamba usiku habari hizo zilipofika mjini hakuna aliyelala: waliwalilia wafu, na zaidi walijililia wenyewe, wakiogopa kutendewa kama walivyowatendea watu wa Melos. Athene iliposalimu amri mwaka 404, Korintho na Thebes zilitaka iangamizwe. Sparta ikakataa.

Wahenga walisema hasira hasara. Lakini ya Mitilene yatufundisha jambo zaidi: mara nyingi anayekasirika ni mmoja, na anayelipa hasara ni mwingine, tena aliye mbali, asiyejua hata kwamba jina lake limepigiwa kura. Waathene wa siku ya pili hawakuwa watu wengine. Ni wale wale wa jana. Tofauti ni kwamba walikubali kukutana tena, wakavumilia aibu ya kusema, «Tulikosea». Na maneno hayo peke yake yasingemwokoa mtu, kama wasingepatikana wa kuvuta makasia usiku kucha.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Ni uamuzi gani tuliofanya pamoja kwa hasira, ambao bado twaweza kuurudia?
2. Nani kati yetu atakwenda kuutengua, na lini?