Utani: Historia ya Mzaha Wenye Wajibu

Katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara, utani ni uhusiano wa kimila unaowapa watu wawili, koo mbili au makabila mawili ruhusa ya kukejeliana, kutukanana na hata kuchukuliana vitu bila yeyote kukasirika, na papo hapo ukawafunga kwa wajibu mzito wa kufaana, hasa wakati wa msiba. Upande wa kwanza unajulikana na kila mtu, kwa kuwa ndio unaosikika ndani ya daladala, maofisini na kwenye vijiwe vya kahawa. Upande wa pili, ambao ndio ulioubeba utani tangu enzi za misafara, hautajwi sana. Historia ya mila hii, ikisomwa sambamba na yale ambayo wanasaikolojia na wanazuoni wa jamii wameandika kuhusu kicheko, yaonyesha kwamba matusi ya mtani yalivumilika kwa sababu nyuma yake palikuwa na deni, na kwamba bila deni hilo ni vigumu kueleza kwa nini mtu mzima akubali kudhihakiwa mbele ya watoto wake.

Utani wa ndani ya ukoo ndio wa msingi. Mjukuu humwita bibi yake mke, naye bibi hulalamika kwamba mume aliyepewa hajui hata kulima. Shemeji hutaniana kwa maneno ambayo yangezua ugomvi kati ya watu baki. Mabinamu, yaani mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, huwa na uhuru wa namna hiyo hiyo katika jamii nyingi. Mkwe hayumo kabisa. Katika makabila kadhaa mwanamume hukwepa kukutana na mama mkwe njiani, hali chakula mbele yake, wala hamtaji kwa jina. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, katika makala aliyoichapisha mwaka 1940, aliuweka mzaha wa mashemeji na heshima ya wakwe katika fungu moja. Kwa maoni yake, ndoa huwaunganisha watu ambao bado wana masilahi yanayopingana, na jamii ina njia mbili za kuzuia upinzani huo usiwe vita: kuwatenga kwa heshima isiyo na mwanya, au kuwapa uadui wa kuigiza ambao hakuna anayeruhusiwa kuuchukulia kuwa wa kweli. Alieleza pia kwamba kuna utani wa pande mbili, ambapo kila mmoja humrudishia mwenzake, na utani wa upande mmoja, ambapo mmoja hutania na mwingine hupokea tu, au hujibu kwa kiasi kidogo sana.

Utani wa makabila ulikuja kwa njia nyingine, na njia ya kwanza ilikuwa vita. Wangoni wa Zwangendaba walivuka Mto Zambezi mwezi Novemba 1835, wakapanda kaskazini hadi Ufipa, na baada ya kiongozi wao kufariki huko katika miaka ya 1840 wakagawanyika: wengine wakashuka hadi Songea, wengine, walioitwa Watuta, wakaenda hadi nchi za Wasumbwa na Wanyamwezi. Kila walikopita walipigana, wakateka mifugo na watu, wakaoa na kuozesha. Wangoni wa Songea na Wahehe, waliokuwa wamejenga dola yao chini ya Munyigumba na kisha mwanawe Mkwawa, walimwagiana damu kati ya mwisho wa miaka ya 1870 na mwanzo wa miaka ya 1880 bila upande mmoja kuumaliza mwingine. Leo Wangoni na Wahehe ni watani, na ukiwauliza wazee sababu watasema moja kwa moja: tulipigana. Jibu hilo laweza kumshangaza mgeni anayedhani kwamba vita huzaa kinyongo tu, lakini lina mantiki yake, kwa kuwa watani walitokana na maadui walioshindwa kumalizana, wakatambuana kuwa wanaume wa aina moja, na hawakuwa na mfalme wala mahakama ya juu yao ya kuwaandikia mkataba. Mahali pa mkataba pakashikwa na kejeli, na kila dhihaka kuhusu nani alimkimbia nani ikawa njia ya kuikumbuka vita bila kuirudia.

Njia ya pili ilikuwa biashara, na hapa mambo yako wazi zaidi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia kuu iliyotoka Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo, ikapita Ugogo na Usagara hadi Bagamoyo. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, sawa na kilo 30 na ushei, pembe wakati wa kushuka pwani na vitambaa, shanga au nyaya wakati wa kurudi, kwa safari ya miezi kadhaa katika nchi ambazo hakuwa na ndugu hata mmoja. Akiugua, msafara haukumsubiri. Akiishiwa posho, chakula kilikuwa katika mashamba ya watu wasiomjua, na mgeni aliyevunja muhindi shambani alikuwa mwizi. Utani uliitatua hali hiyo. Kati ya Wanyamwezi na makabila yaliyokaa kandokando ya njia, na kati yao na Wazaramo na wenzao wa nyuma ya pwani, ulikua uhusiano uliomwezesha mpagazi kuingia kwa mtani wake, kuchukua kilicho chunguni, kutukanwa kwa ulafi wake na kulala salama. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima kuhusu maisha ya wapagazi hao, anauhesabu utani miongoni mwa mambo yaliyoifanya njia ya misafara ipitike. Mwenye shamba naye hakuwa akitoa sadaka, kwa kuwa alijua kwamba siku atakayokwama ugenini, au nduguye atakapofia njiani, Mnyamwezi atawajibika kwake kwa kipimo kile kile.

Utawala wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, uliiua misafara lakini ukazalisha wageni wengi zaidi. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulihitaji mikono, na mikono hiyo ilitoka mbali, Songea, Kigoma na kwingineko, ikapelekwa Tanga na Morogoro kwa mikataba ya manamba, yaani vibarua waliojulikana kwa namba walizoandikiwa. Kambi ya mkonge iliwaweka Mngoni, Muha na Mnyamwezi katika safu moja ya vyumba, na swali la nani atamzika nani likarudi. Haishangazi kwamba ni katika miaka hiyo maandishi ya kwanza ya kina kuhusu utani yalianza kutokea: T. V. Scrivenor aliandika kuhusu koo za Masasi mwaka 1937, na miaka michache baadaye R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege huko Amani, katika milima ya Usambara, akakusanya habari za makabila mengi na kuonyesha ni nani mtani wa nani na kwa sababu gani. Katikati ya miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliratibu utafiti mpana zaidi, na safari hii sehemu kubwa ya waliouliza maswali walikuwa Watanzania wenyewe.

Msibani ndipo pande zote mbili za utani huonekana kwa pamoja. Wakati wafiwa wameketi wakilia, mtani huingia amevaa shati la marehemu, ameshika bakora yake, anatembea kama alivyokuwa akitembea, akikohoa kikohozi chake na kuwadai watu kwa sauti ile ile aliyokuwa akidaia. Atalizuia jeneza mlangoni, au atashuka kaburini na kujilaza, akikataa kutoka mpaka atupiwe chochote. Wajane hucheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna anayemkemea. Lakini ni mtani huyo huyo ambaye kwa mila ameshika jembe, kwa kuwa katika jamii nyingi kuchimba kaburi, kuugusa mwili na kuwatakasa wafiwa ni kazi zisizofaa kufanywa na ndugu wa damu. James Christensen, aliyeandika kuhusu Waluguru mwaka 1963, na T. O. Beidelman, aliyeandika kuhusu Wakaguru mwaka 1966, wote waliona kwamba uhuru wa mtani wa kusema yasiyosemeka hautengani na wajibu wake wa kushika yasiyoshikika. Mfaransa Marcel Griaule, kutokana na utafiti wake kwa Wadogoni na Wabozo wa Mali, alikuwa amekwisha kudai mwaka 1948 kwamba kiini cha mahusiano ya namna hii ni utakaso, naye Radcliffe-Brown akamjibu mwaka uliofuata kwamba utakaso hautoshi kuwa maelezo ya mila iliyoenea kote Afrika. Kwa ushahidi wa Uluguru na Ukaguru, Griaule alikuwa karibu zaidi na kaburi, hata kama mpinzani wake alikuwa na nadharia pana zaidi.

Saikolojia ina jambo la kuongeza. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu mzaha, alieleza kwamba aina fulani ya vichekesho hutoa nje uchokozi ambao adabu huuzuia, na kwamba msikilizaji hucheka kwa kuwa nguvu aliyokuwa akiitumia kujizuia imeachiliwa. Maelezo hayo yanamfaa anayetania, lakini hayamfai sana anayetaniwa. Kwake yeye, hoja ya Peter McGraw na Caleb Warren ya mwaka 2010 inasaidia zaidi: kitu huchekesha pale kinapokiuka kanuni na wakati huo huo kikaonekana hakina madhara. Katika mazungumzo ya kawaida kila anayetaniwa hulazimika kuamua kwa haraka kama ukiukaji huo ni salama, na hapo ndipo urafiki mwingi huvunjika. Utani wa mila uliliamua swali hilo kabla ya neno kutamkwa, kwa kuwa anayekutukana ndiye atakayekuzika. Gordon Allport naye, mwaka 1954, aliandika kwamba kukutana kwa makundi hupunguza chuki iwapo pande hizo ziko sawa kwa hadhi, zina lengo la pamoja, zinashirikiana, na mamlaka inaunga mkono kukutana kwao. Karibu masharti yote hayo yalikuwa yamekwisha kutimizwa katika kambi ya mkonge, na mamlaka iliyounga mkono ilikuwa mila wala si msimamizi wa shamba.

Utani wa namna hii haukukomea Tanzania. Katika mji wa Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, J. Clyde Mitchell aliandika mwaka 1956 jinsi ngoma ya kalela ilivyowadhihaki watu wa makabila mengine bila ugomvi, na miongoni mwa waliotaniana huko walikuwa Wangoni na Wabemba, maadui wengine wa zamani wa warithi wa Zwangendaba. Nchini Niger mila inayofanana na hii iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Tanzania huru iliupenda utani, kwa kuwa uliiwezesha nchi ya makabila zaidi ya mia kuzungumza ukabila bila kuuogopa. Ulipanuka mpaka ukazifikia klabu za mpira, Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, zinazoitwa watani wa jadi ingawa hakuna hata moja kati yao inayomzika mwenzake. Katika upanuzi huo ndimo tatizo la maadili lilimoingia. Mjini mtu hutaniwa kwa kabila lake na mtu ambaye kabila lake halijawahi kuwa na utani nalo, tena mara nyingi na mkubwa wake kazini; naye hawezi kujibu kwa ukali ule ule, wala hana cha kudai siku ya shida. Utani wa pande mbili umegeuzwa kuwa wa upande mmoja, lakini umebaki na kinga ile ile ya “si utani tu?”. Wanawake walilijua jambo hili mapema kuliko wengine, kwa sababu utani wa mashemeji uliruhusu kushikwashikwa, na ruhusa hiyo ilitolewa na mila bila ya kuwauliza wao. Mila hiyo hata katika enzi zake bora haikuwa na jibu kwa mwanamke asiyetaka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoingiza udhalilishaji wa kijinsia katika Kanuni ya Adhabu, inaanzia pale mila ilipoishia: kwa yule asiyeridhia kitendo, awe mtani au asiwe mtani.