Vivuko vya Njia ya Malindi

Mtu aondokaye Mombasa asubuhi kwenda kupumzika katika ufuko wa Malindi hufika kabla ya adhuhuri, wala hatambui kuwa amevuka bahari mara tatu. Masafa ni kiasi cha kilomita 120. Daraja la Nyali humtoa kisiwani, la Mtwapa humpitisha juu ya hori ya pili, na la Kilifi juu ya hori ya tatu, iliyo pana na yenye kina. Gari halisimami hata mara moja.

Njia ya kale ilikuwa ya tanga. Upepo wa kusi ulipeleka majahazi upande wa Lamu, na kaskazi ikayarudisha. Vasco da Gama, baada ya kukosana na watu wa Mombasa, alipita njia hiyohiyo mwezi wa Aprili 1498, akapata Malindi rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Huyo, bila shaka, hakuja kuota jua.

Safari ya mapumziko tuijuayo ilishika nguvu katika miaka ya 1930. Walowezi wa nyanda za juu waliteremka kwa reli, ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896, kisha wakaelekea kaskazini kwa motokaa. Mwaka 1931 kisiwa kiliunganishwa na Nyali kwa daraja lililoelea juu ya maboya, na aliyelitumia alilipa ushuru. Hoteli zikafunguliwa Malindi. Ernest Hemingway alivua samaki huko mwaka 1934, na mpaka leo mji hauchoki kumtaja.

Lakini kati ya Nyali na hoteli hizo palikuwa na Mtwapa, na hapo ndipo ninapotaka kutua. Kivuko cha Mtwapa hakikuwa na mashine. Mnyororo ulitandazwa toka ukingo hadi ukingo, na wanaume waliosimama juu ya chombo waliushika wakauvuta, hatua kwa hatua, mpaka motokaa na wenyewe wakafika ng'ambo. Walivuta kwa wimbo. Wasafiri wengi wa Kizungu waliusimulia wimbo huo kama tumbuizo la njiani, kana kwamba watu wale walikodishwa kuimba, na kule kuvuta kulikuwa ziada tu.

Hapo pana kosa la kusahihisha. Mjuzi wa kimai na nyimbo za kazi za pwani yetu anafahamu kuwa kiitikio ni chombo cha kazi, kama kasia. Kiongozi akitoa neno, wenziwe huvuta pumzi. Wakiitikia, mikono yote huvuta pamoja. Ukiuondoa wimbo, kila mmoja atavuta kwa wakati wake na mnyororo hautakwenda. Basi aliyeusikia wimbo akaburudika alikuwa akisikia uzito wa motokaa yake mwenyewe. Historia ya njia hii imeandikwa na waliobebwa: twajua majina ya wenye hoteli na wageni wao mashuhuri, lakini katika masimulizi yale niliyoyasoma sijakuta jina la mvutaji hata mmoja.

Mtwapa ikapata daraja. Kilifi ilibaki na kivuko, sasa cha mashine, mpaka daraja lake lilipofunguliwa mwaka 1991. Nilikivuka utotoni, na nikumbukacho zaidi ni foleni. Watu walishuka kwenye mabasi wakanyosha miguu. Wauza korosho wakapita madirishani. Mgeni wa hoteli na mama mwenye kikapu cha kuku walingoja pamoja chini ya jua moja. Sisemi kuwa foleni ilikuwa njema. Mgonjwa aliyepelekwa hospitali Mombasa usiku naye aliingoja, na kwake daraja lilikuwa rehema. Kwa muuza korosho lilikuwa jambo jingine: wateja wake wakaanza kupita juu, kwa mwendo wa kasi.

Daraja jipya la Nyali lilikuwa limekwisha kufunguliwa mwaka 1980. Tangu 2017 treni mpya ya Nairobi huwashusha abiria Miritini, nje ya kisiwa, nao huendelea kwa matatu. Wengine hutua Malindi kwa ndege, wasione hori hata moja.

Wazee waliovuka Mtwapa kwa mnyororo wamebaki wachache. Wanafunzi wangu watokao upande huo nimewaagiza, wakirudi likizo, wasiwaulize kwanza juu ya wimbo. Waulize nani alikuwa akivuta, alilipwa nini, na mikono yake ilikuwaje.