Mateso Korokoroni: Viongozi Waseme Waziwazi

Mwaka jana mama mmoja wa mtaani petu aliniomba nimsindikize kituo cha polisi kumwulizia mwanawe. Kijana alikamatwa Jumatatu usiku. Tulimwona Alhamisi, akichechemea, nyayo zimevimba. Tukampigia simu mheshimiwa tuliyemchagua. Akatujibu kwa upole kwamba hilo ni suala la usalama, hawezi kulizungumzia.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kwani ni lazima kiongozi atoe msimamo juu ya mateso?

Wapo wasemao si lazima, kwa sababu sheria ipo. Kweli ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inakataza kumtesa mtu kwa mwili au kwa akili. Kifungu cha 25 chasema haki hiyo haiwezi kuwekewa mipaka hata kidogo. Kifungu cha 49 chataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 imeweka kifungo cha hadi miaka 25, na cha maisha iwapo aliyeteswa amekufa. Tangu 1997 Kenya imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, ambao hautambui vita, dharura wala amri ya mkubwa kuwa udhuru.

Mbona basi mateso hayakomi? Kwa sababu askari wa chini hafungui Katiba kabla ya kuinua rungu. Humtazama mkubwa wake. Mkubwa akinyamaza, yeye husikia ruhusa.

Historia yetu ni shahidi. Miaka ya 1980, wakati wa msako wa Mwakenya, watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali katikati ya Nairobi. Julai 2010 ndipo Mahakama Kuu ilipoamuru watu 21 walipwe fidia. Machi 2015 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipoomba radhi bungeni, kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia, kwa maovu waliyotendewa Wakenya. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya kimya.

Wala si mambo ya zamani tu. Juni 2025 Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Taarifa ya kwanza ilisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliochunguza maiti wakakuta majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile. Nani alifanya nini, hilo ni la mahakama. Lakini kama madaktari wangenyamaza, hadithi ya ukuta ingesimama mpaka leo.

Sisi Waislamu tuna mfano wa karibu. Katika Sahih Muslim kuna kisa cha Hisham bin Hakim, sahaba aliyewakuta wakulima huko Sham wamesimamishwa juani kwa ajili ya jizya. Hawakuwa Waislamu wenzake, lakini hakupita akaenda zake. Alimwendea Umair bin Saad, gavana wa Palestina, akamhadithia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu adhabu inayowangoja wanaowaadhibu watu duniani. Gavana akaamuru waachiliwe. Neno moja la mwenye mamlaka likawatoa watu juani.

Najua hoja ya upande wa pili. Tulizika watu Mpeketoni mwaka 2014, na hakuna mzazi wa Pwani anayetaka siku zile zirudi. Lakini anayepigwa nyayo atasema lolote ili kipigo kikome. Zaidi ya hayo, kifungu cha 50 chataka mahakama ikatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, iwapo kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki. Kwa hivyo mateso yaweza kumfunga asiye na hatia na kumwachia gaidi mwenyewe.

Basi mgombea akija barazani kwenu kuomba kura, mwulizeni mambo matatu. Atasema hadharani kwamba mateso ni kosa, hata kwa mshukiwa wa ugaidi? Akipata habari ya mtu aliyeumizwa korokoroni, atakwenda kituoni siku ile ile? Atamsaidia mlalamishi apate fomu ya P3, aonwe na daktari, na malalamiko yake yafike IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi?

Mama yule alirudishwa mara tatu kabla ya kupewa P3. Alipoipata, uvimbe wa mwanawe ulikuwa umeanza kupungua, na daktari huandika anachokiona. Simu moja ya mheshimiwa, siku ya kwanza, ingetosha.