Mkono Uliovuka Bahari

Mara ya kwanza kuingia Boadas, baa ya Barcelona, nilidhani mtu anapoza chai. Mhudumu wa kaunta, koti jeusi na tai ya kipepeo, ameinua kopo la chuma juu ya kichwa. La pili analo usawa wa kiuno, na kinywaji kinashuka kama uzi, hakikatiki wala hakimwagiki. Kikifika chini anakirudisha kopo la juu, anamimina tena. Bibi yangu kule Likoni alitupozea chai hivyo hivyo, kwa vikombe viwili, kabla hatujaenda shule.

Miaka kumi na mmoja nilisimama nyuma ya kaunta ya hoteli ya ufukweni Mombasa. Huko tulifundishwa kutikisa: funga kopo, tikisa hadi vidole vife ganzi. Upole ule wa Barcelona sikuwa nimewahi kuuona, nikataka kujua ulitoka wapi.

Ulitoka Cuba, ila safari yenyewe ilianzia hapa hapa Catalonia. Katika karne ya 19 vijana wa miji ya pwani kama Lloret de Mar walipanda meli kwenda Cuba, koloni la Hispania hadi mwaka 1898. Waliorudi na mali wakajenga majumba, na watu wakawaita indianos. Majumba hayo bado watalii wanayapiga picha. Kwangu mimi, wenye thamani zaidi ni wale waliorudi na ufundi.

Miguel Boadas alizaliwa Havana mwaka 1895, wazazi wake wakitoka Lloret. Kazi aliijulia Floridita, baa ambayo mwaka 1918 iliingia mikononi mwa Constantino Ribalaigua, naye mzaliwa wa Lloret. Ugenini mtu huanza kwa watu wa kwao, na Wakatalani walifanya hivyo. Mwaka 1920 Marekani ilipopiga marufuku pombe, Wamarekani wakamiminika Havana. Wahudumu wa huko, cantineros, wakaheshimika kama mafundi, na mwaka 1924 wakaunda chama chao.

Kumimina kwa mbali kulikuwa kumezoeleka kwa Wamarekani wa karne ya 19, kisha chombo cha kutikisia kikakufunika. Cantineros wakakutunza. Barafu inazuiwa na chujio kwenye kopo la juu, kinachoshuka ni kinywaji peke yake. Kikishuka kinapata hewa, kikirudi kwenye barafu kinapoa. Jini na vermuti ukivitikisa, barafu inavunjika na kinywaji kinaingia ukungu. Ukivimimina vinabaki angavu, na ulimini vinateleza. Nimeonja vyote viwili usiku mmoja, na tangu hapo sijatikisa tena jini.

Boadas alihamia Barcelona miaka ya 1920, akafanya kazi kwa watu, na mwaka 1933 akafungua baa yake mtaa wa Tallers, namba 1, pale pale unapokutana na La Rambla. Ni chumba kidogo cha pembetatu; watu kumi na tano tu wakiingia, mnagusana mabega. Miaka mitatu baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Machi 1938 mji ulipigwa mabomu siku tatu, na Januari 1939 majeshi ya Franco yakaingia. Baa ikapona.

Binti yake, Maria Dolors, alijifunza kazi kwa baba, na Miguel alipofariki mwaka 1967 akaishika baa. Wakati huo sheria ya Hispania bado ilimtaka mke apate idhini ya mumewe ili aajiriwe. Sharti hilo lilidumu hadi 1975. Yeye alikuwa bosi, anamimina mbele ya wanaume waliojaa kaunta. Kwa macho yangu, urithi wa baba ungekuwa hadithi tu bila mkono wa binti. Alifariki mwaka 2017.

Mwaka 2022 baa ikapata msimamizi mpya, Simone Caporale wa Sips, baa ya mji huu huu ambayo mwaka 2023 iliongoza orodha ya baa bora 50 duniani. Nikahofia watabadilisha kila kitu. Nikaenda.

Kopo liliinuliwa vilevile. Nilimwomba mhudumu arudie polepole, naye akarudia. Kumbe mkono wa juu hautembei kabisa. Unaoshuka ni wa chini, kidogo kidogo, ukiuvuta uzi kuelekea kiunoni.