Kovu la Mama

Mama ana kovu la duara begani, alama ya chanjo ya ndui. Nililikumbuka nikiwa Atlanta, Marekani, ndani ya makumbusho ya CDC, taasisi iliyoanzishwa 1946 kupiga vita malaria kusini mwa nchi hiyo. Nilisimama kitambo mbele ya pafu la chuma: pipa refu alimolazwa mgonjwa wa polio, kichwa tu kikibaki nje, mashine ikimsaidia kupumua.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye ndui. Iliangushwa na sindano ndogo yenye ncha mbili kama uma; tone la chanjo hunasa katikati, mchanjaji hudunga haraka haraka mara 15, basi. Na mtu wa mwisho kuipata ndui nje ya maabara alikuwa jirani yetu wa pwani: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipanda gari dakika chache tu, kumwelekeza njia dereva aliyebeba watoto wawili wagonjwa wa ndui. Alipona. Baadaye alizunguka akiwahimiza wazazi wawachanjishe watoto wao dhidi ya polio, akiwasimulia yaliyompata. Alifariki 2013, akiwa bado kazini. Aliuawa na malaria.