Jenereta kuukuu ya kijeshi: Jinsi ya kutambua chanzo cha hitilafu

JENERETA za dizeli zinazouzwa baada ya kuondolewa jeshini huwavutia wengi kwa sababu ya uimara wake. Hata hivyo, nyingi huwa zimekaa ghalani au uwanjani kwa miaka kadhaa bila kuwashwa, na mnunuzi hujikuta na chuma kizito kisichotoa hata mkoromo.

La kutia moyo ni kwamba hitilafu nyingi za mitambo hiyo husababishwa na kukaa bure wala si kuchakaa kwa injini. Fundi anayekimbilia kufungua injini kabla ya kukagua betri, mafuta na swichi huenda akaharibu kilichokuwa kizima.

Makala haya yanatumia mfano wa MEP-802A na MEP-803A, jenereta za jeshi la Marekani. Ya kwanza huzalisha kilowati 5, ya pili kilowati 10. Zote huendeshwa na injini za Lister Petter zinazopozwa kwa maji.

Injini haizunguki

Mitambo hii hutumia umeme wa volti 24 kuwashia, unaotoka kwa betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban volti 12.6, hivyo mbili zinafaa kusoma kama 25.2.

Pima kila betri peke yake wakati stata inapojaribu kuzungusha injini. Ile inayoporomoka chini ya volti 9.6 ndiyo inayoiangusha nyenzake. Ni vyema kubadilisha zote mbili kwa pamoja, kwani betri mpya ikifungwa na kuukuu haidumu.

Iwapo betri ni nzima, safisha vichwa vyake pamoja na mahali waya wa ardhi unapofungwa kwenye fremu. Kisha kagua kitufe cha kuzima kwa dharura, kikatizi cha umeme wa volti 24, na swichi ya ndani inayotumiwa na mafundi kuzungusha injini bila kuiwasha. Swichi hiyo ikiachwa mahali pasipofaa, mtambo mzima utaonekana kama umekufa.

Injini inazunguka lakini haiwaki

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huhitaji mafuta, hewa na joto linalotokana na hewa kushindiliwa ndani ya silinda.

Mshukiwa wa kwanza ni mafuta. Dizeli iliyokaa muda mrefu hukusanya maji chini ya tangi, na katika maji hayo humea vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi wa kuziba vichujio. Mwaga mafuta yote ya zamani, safisha tangi, badilisha vichujio, kisha toa hewa iliyonaswa kwenye mabomba.

Tega sikio swichi kuu inapofunguliwa. Pampu ya umeme ya mafuta ikifanya kazi husikika. Ikiwa kimya, kagua nyaya zake kabla ya kununua nyingine. Aidha, hakikisha kuwa solenoidi inayofungulia injini mafuta inavuta.

Moshi nao hueleza mengi. Kutokuwepo kwa moshi kabisa injini inapozungushwa ni ishara kwamba mafuta hayafiki kwenye silinda. Moshi mweupe huonyesha kuwa mafuta yanafika lakini hayachomeki, labda kwa sababu ya baridi, hewa ndani ya mabomba au silinda zilizopoteza nguvu ya kushindilia.

Inawaka kisha inajizima

Jenereta hizi zina kibao cha taa zinazoonyesha sababu ya kujizima: shinikizo dogo la oili, joto kupita kiasi, ukosefu wa mafuta, mwendo wa kasi mno au mzigo mkubwa kupita kiasi. Soma taa kabla ya kugusa kitu kingine, kisha thibitisha ujumbe wake. Taa ya oili ikiwaka, pima oili kwa kijiti na shinikizo lake kwa geji nyingine, kwani kihisi pia huharibika.

Hapa ndipo wengi hupotea. Mitambo hii ina swichi maalumu ya vita ambayo huzima sehemu kubwa ya kinga ili jenereta iendelee kufanya kazi hata ikiwa inajiua. Vitani, umeme wa dakika chache unaweza kuokoa maisha, na injini ni kafara. Nyumbani au shambani hakuna sababu ya kuitumia. Anayeifungua ili kuzima taa inayomkera anajitafutia hasara ya injini nzima.

Inanguruma lakini haitoi umeme

Kwanza, hakikisha swichi inayoruhusu umeme kutoka nje ya mtambo imefungwa. Vipimo vinaweza kuonyesha volti ilhali hakuna kitu kwenye vituo vya kuunganishia nyaya.

Pili, tofautisha mwendo na volti. Injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, jenereta hutoa hezi 60. Hezi zikishuka unapoongeza mzigo, tatizo liko upande wa injini: kichujio kilichoziba au kidhibiti mwendo. Hezi zikiwa sawa lakini volti ziko chini, chunguza kidhibiti volti na nyaya zake.

Ikiwa volti hazipandi kabisa, huenda usumaku uliobaki ndani ya mtambo umefifia. Jenereta hizi huamshwa kwa umeme wa betri wakati wa kuwasha, kwa hivyo usiachilie swichi mara tu injini inaponguruma. Ishikilie hadi volti zipande.

Tahadhari kwa Kenya

Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50, nao wa jenereta hizi ni hezi 60. Mota ya kawaida iliyoundiwa hezi 50 itazunguka kwa kasi zaidi kwa takriban asilimia 20. Kupunguza mwendo hadi mizunguko 1,500 huleta hezi 50, lakini hupunguza nguvu na kuvuruga vidhibiti.

Isitoshe, volti 240 za mtambo huu hupatikana kati ya nyaya mbili zenye moto. Hakuna hata mmoja kati yake ulio nyutro, tofauti na mfumo wetu. Kuunganisha mmoja wao na nyutro ya nyumba kunaweza kusababisha shoti na moto. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

Jenereta isiunganishwe na nyumba bila swichi ya kubadilishia umeme. Bila hiyo, umeme hurudi kwenye laini na unaweza kumuua fundi anayedhani kuwa imezimwa. Kadhalika, isiwashwe ndani ya chumba, kwani gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na huua.

Kuitunza ikishapona

Usiiache ikinguruma kwa saa nyingi bila mzigo wa maana. Dizeli isiyochomeka huacha masizi yenye mafuta kwenye ekzosi. Mzigo wa takriban robo tatu ya uwezo wake kwa saa kadhaa husaidia kuyachoma.

Iwashe kila mwezi, tena ikiwa na mzigo. Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea sehemu kubwa ya nchi, baadhi ya maeneo ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta yalisalia gizani baada ya jenereta kukosa kuwaka. Jenereta isiyojaribiwa, iwe ya jeshi au ya raia, haiwezi kuhesabiwa kuwa akiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.